Mtoto wa miaka miwili hahitaji daftari

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa kuandikisha watoto shule unapokaribia, wazazi wenye watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu huanza kuhaha. Hununuliwa penseli na chati za herufi, mtoto akakalishwa mezani aandike "a". Sisi tunaofundisha madarasa ya awali tunaomba nafasi kusema kwamba kazi hiyo inakuja mapema mno. Mkono utakaoshika penseli hujengwa kwanza kwa kutia, kutoa, kumimina na kufinyanga, na vifaa vyake vimo jikoni.

Aanze na kopo. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga lenye kifuniko cha plastiki. Papasa mdomo wake kwanza, maana bati lililokatika vibaya hukata kama wembe. Likikwaruza, lizungushie tepu nene. Katikati ya kifuniko kata tundu la duara lenye upana wa sentimita saba, kisha mpe mtoto mifuniko sita ya mitungi ya jemu au siagi ya karanga, yenye upana wa sentimita tano hadi sita. Atadondosha, atafungua, atamwaga, ataanza upya. Akishazoea, andaa kopo la pili ambalo badala ya duara lina mwanya wa sentimita saba kwa mbili. Hapo kazi hubadilika kabisa: lazima ausimamishe mfuniko kwa ubavu na azungushe kifundo cha mkono ndipo upite.

Mchezo huu huharibiwa na watu wazima. Mwanya ukiwa mwembamba mno, mtoto hulia na kuondoka. Akipewa mifuniko ishirini, huimwaga yote na kwenda zake. Na anapohangaika kidogo tu, mkubwa hunyoosha mkono akamalizia, basi aliyefanya mazoezi ni mkubwa. Ukiona amerudia jambo lilelile mara kumi na tano, usimkatize; huko ndiko kujifunza kwenyewe.

Vizibo vya soda na vya chupa za maji visitumike. Kitu chochote kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa umri huu. Maharage nayo yana balaa lake: yakisukumwa puani hufura kwa unyevu, na kuyatoa ni kazi ya hospitali. Ukitaka kayamba ya chupa, tia mchele theluthi moja ya chupa ya nusu lita, funga kizibo kwa gundi kali, uache ikauke hadi kesho yake, na ukikague kila siku kabla ya kumpa.

Unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na maji ya uvuguvugu kama robo tatu ya kikombe. Maji yatiwe kidogo kidogo. Yakimwagwa yote kwa pamoja donge hunata vidoleni na mtoto hukataa kuligusa. Likikatikakatika, ongeza maji kwa matone. Lihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na likianza kunuka litupe. Chumvi ni nyingi, hivyo mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni apewe donge la ugali uliopoa.

Mchezo wa maji unataka beseni, vikombe viwili na maji yasiyozidi kina cha vidole viwili. Mkubwa asiondoke hata kufungua mlango, kwani maji hayo machache yanatosha kumzamisha mtoto. Mchezo ukiisha, yamwagwe papo hapo.

Dakika kumi za mchezo mmoja zinatosha. Nje viwepo vitu vitatu au vinne tu, vingine vifungiwe boksini na kubadilishwa kila wiki. Wakati wa kucheza msemeshe sentensi kamili: "Mfuniko umeingia. Kopo limejaa." Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tano, umpe nafasi ya kujibu kwa namna yake.

Katika nyumba nyingi anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi au bibi. Mpango uliowekwa bila yeye haufiki saa nne asubuhi. Aonyeshwe kila mchezo kwa vitendo, aambiwe sababu zake, na apunguziwe kazi nyingine muda huo. Asipopunguziwa, simu ndiyo itakayomlea mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidi saa moja kwa siku.

Tunaomba gazeti lako litenge robo ukurasa kila juma kwa mchezo mmoja wa namna hii, wenye vipimo na tahadhari zake, wazazi wakate na kubandika ukutani jikoni.

Walimu wa madarasa ya awali,
Morogoro