Mwanangu, mfalme wa watu muache kama alivyo

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Jana ulikata simu kabla sijamaliza. Nilipoanza tu habari ya mfalme wa Thailand, huko unakokwenda kusoma, ukasema mtandao unasumbua. Mtandao wa Tukuyu siku hizi hausumbui, baba. Basi nakuandikia, ukae chini usome mpaka mwisho.

Mdogo wako ndiye aliyenisomea kwenye simu yake. Kule Thailand wana kifungu cha 112 katika sheria yao ya makosa ya jinai. Ukimkashifu mfalme, ukamtukana au kumtishia, yeye au malkia au mrithi wake au anayemkaimu, ni jela miaka 3 hadi 15, na hiyo ni kwa kosa moja moja. Mwaka 2021 mama mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali alihukumiwa miaka 87. Kwa kuwa alikiri wakampunguzia nusu, ikabaki 43 na miezi 6. Nilimwambia mdogo wako arudie kusoma, nikidhani kakosea tarakimu. Kosa lenyewe ni kusambaza mtandaoni sauti zilizorekodiwa na mtu mwingine. Hakutunga yeye, alisambaza tu. Na wewe kazi yako kutwa ni nini kama si kusambaza?

Mambo ya kwenye msiba wa Kyimbila siyarudii, unayajua. Watu walicheka, ndiyo, na mimi nilikuwa miongoni mwao, tangu ulipokuwa mdogo ukimwigiza mwenyekiti wa kijiji pale uani. Una kipaji. Lakini kipaji hicho kiache hapa hapa Rungwe. Mwaka 2015 kijana mmoja wa kiwandani kule alifunguliwa mashtaka, na moja ya makosa ilikuwa kumkejeli mbwa wa mfalme. Mbwa! Sasa wewe unayewachora wakubwa na kuwaandikia maneno ya kuchekesha, nilale usingizi gani?

Usiniambie utaandika kwa Kiswahili hawataelewa. Simu zenyewe zinatafsiri. Na anayeshtaki si lazima awe polisi wala mtu wa ikulu, mtu yeyote anaweza kwenda kituoni akafungua shauri. Unayekaa naye bweni moja, mkigombana juu ya sufuria, anayo silaha.

Wenyewe hawamtaji mfalme wao kwa jina wakiwa mtaani. Anaitwa Vajiralongkorn, lakini watasema Nai Luang, au watamtaja kwa namba ya utawala wake, yaani wa 10 katika ukoo huo ulioanza kutawala mwaka 1782. Baba yake, Bhumibol, alikuwa wa 9, alikaa kwenye kiti miaka 70 mpaka alipofariki mwaka 2016. Hata wafalme waliokwisha kufa usiwaguse, maana mwaka 2013 mahakama yao ya juu ilisema sheria inawalinda na wao. Halafu kuna lugha nzima ya pembeni ya kumzungumzia mfalme. Kula kwake, kulala kwake, mkono wake, vyote vina maneno yake, na wanafundishwa shuleni. Anayeongea naye haelekezi maneno kwake moja kwa moja, anayaelekeza kwa vumbi lililo chini ya nyayo zake. Mchungaji wetu atasema heshima ya namna hiyo ni ya Mungu peke yake. Sibishani naye, ila mchungaji haendi Bangkok.

Utaniambia ni ushamba. Bibi yako mzaa baba hakulitamka jina la baba mkwe wake maisha yake yote, na neno lililofanana na jina hilo alilitafutia jingine. Akimwona anakuja njiani aliingia kwenye migomba, kitenge kichwani, mpaka mzee apite. Na bibi yako unamjua, hakuwa mtu wa kuonewa na yeyote. Ni utaratibu wa nyumba aliyoingia, akaufuata, akalima shamba lake akasomesha watoto. Wewe unakwenda miaka michache tu, huolewi huko.

Tatizo lenu mmekua bila mfalme. Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, hata mimi malafyale, chifu wetu Wanyakyusa, nilimsikia kwenye masimulizi tu. Sisi rais wetu alikuwa Mwalimu, Ndugu Nyerere, imekwisha. Mnaona Waingereza wanavyomchora Charles magazetini, masikio na yote, na hakuna anayekamatwa, mnadhani wafalme wote ni wamoja. Ingawa hata hapa kwetu watu wamefikishwa mahakamani kwa maneno ya mtandaoni juu ya rais, kwa hiyo usijifanye mgeni wa mambo haya.

Kwenye sinema wimbo wa mfalme ukipigwa, simama. Nasikia vijana wengi siku hizi hawasimami, na mwaka 2020 waliandamana. Ni nchi yao, wana sababu zao, na wengine wanalipa kwa jela. Wewe simama. Noti ikikudondoka usiizuie kwa mguu, ina sura yake, iache ipeperuke uifukuze. Ukiulizwa unamwonaje mfalme, sema umekuja kusoma. Ukiulizwa tena, sema hivyo hivyo.

Nimefurahi kupita kiasi kwa ufadhili huu, nimewatangazia hata wasiouliza. Mjomba wako anasema ulipaswa kuja kuaga wazee mwenyewe badala ya kutuma ujumbe, na safari hii nipo upande wake.

Koti lile zito mwachie mdogo wako, kule ni joto na hapa mvua haijakata tangu wiki iliyopita. Paa la jiko linavuja upande wa mafiga, fundi amechukua hela ya bati hajaonekana. Parachichi wanunuzi wanataka kutulalia bei tena, nimekataa, nasubiri gari la wale wa Mbeya. Ng'ombe amezaa dume. Kadi ya manjano ya chanjo usiiweke kwenye begi kubwa, ishike mkononi pamoja na pasi. Na yale makundi ya simu, kabla hujapanda ndege, jitoe yote isipokuwa la ukoo. La ukoo nalo, usichangie kitu. Soma tu.

Ni mimi mama yako