Simba na neno "lala"

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa mgeni huyo mdogo. Barua yako imenifurahisha, hasa niliposoma kwamba mbwa wako Simba ana wiki 10 tu na tayari anakaa ukimwambia. Umeniuliza kwa nini "lala", yaani kujilaza tumbo chini akiambiwa, inamshinda, na kama kuna ubaya kumkandamiza mabega mpaka ashuke.

Ubaya upo. Mbwa akisukumwa chini hujikaza kwenda juu. Mwili wake unajibu hivyo wenyewe, wala si ukaidi. Utakuwa unamfundisha kupinga mkono wako, na baada ya siku chache ataanza kukwepa kila ukinyoosha mkono mgongoni mwake. Isitoshe, viungo vyake bado vinakua. Mwache ashuke mwenyewe, akiifuata pua yake.

Usishangae kwamba kulala ni kugumu kuliko kukaa. Mbwa aliyekaa anaweza kuinuka na kukimbia mara moja, ila aliyelala tumbo chini hawezi kwa wepesi huo, kwa hiyo hatalala mahali asipojisikia salama. Chagua chumba kitulivu, bila watoto wanaokimbia wala mbwa mwingine. Na angalia sakafu! Simento baridi au vigae vinavyoteleza vinawakatisha tamaa watoto wa mbwa wengi, hasa wenye manyoya machache tumboni. Tandika taulo nene au kipande cha zulia.

Vipande vya chakula viwe laini, visivyozidi ukubwa wa punje ya njegere, ili amalize kumeza kabla hajasahau alichofanya. Kuku wa kuchemsha bila chumvi anafaa sana. Andaa vipande 10 kwa kila zoezi, fanya kwa dakika 2 au 3, kisha acheni. Mara 3 au 4 kwa siku zinatosha, kabla ya mlo na si baada yake. Nyongeza hizi zote zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, na mlo wa kawaida uupunguze kwa kiasi hicho. Chokoleti, zabibu, vitunguu na kitu chochote chenye zailitoli (kitu kitamu kinachotumiwa badala ya sukari) asivionje kabisa, ni sumu kwa mbwa.

Sasa mkono. Keti naye sakafuni, mwambie akae. Shika kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, kiguse pua yake, halafu kishushe wima polepole hadi sakafuni, katikati ya miguu yake ya mbele. Pua iwe kama imegandishwa kwenye vidole vyako. Ukifika chini, tulia kidogo. Wengine hukunja viwiko hapo hapo. Asipokunja, vuta mkono kuja kwako ukiuburuza sakafuni, sentimita chache tu, taratibu. Viwiko vyote viwili vikigusa chini, sema "Ndiyo!" papo hapo, kisha mpe kipande akiwa bado amelala, ukiweke sakafuni kati ya miguu yake. Ukimpa kutoka juu atainuka kukifuata, nawe utakuwa umemlipa kwa kuinuka. Hiyo "Ndiyo!" nayo ina wakati wake: ikichelewa sekunde 2, huenda tayari ameanza kunyanyuka, na yeye atadhani hicho ndicho ulichokipenda.

Umeandika kwamba makalio yake yananyanyuka kila ukijaribu. Hilo ni kosa la mkono, si la Simba. Mkono ukienda mbele mapema, yeye huinuka na kutembea kukifuata chakula. Ukiona makalio yanapanda, ficha kipande, mrudishe kwenye kukaa, anza upya, na safari hii ushushe karibu zaidi na kifua chake. Akikwaruza mkono wako kwa makucha, funga ngumi, usiseme kitu, usiondoe mkono. Atachoka kukwaruza na kuinamisha kichwa, basi hapo ufungue.

Kuna wanaoshuka nusu na kugoma. Kwa hao, usisubiri mkao kamili. Lipa kichwa kilichoinama, halafu lipa kiwiko kimoja kilichokunjwa, halafu kifua kilichokaribia sakafu, ukidai zaidi kidogo kila baada ya mara mbili tatu. Njia nyingine ninayoipenda ni ya daraja: keti, kunja goti moja ili mguu wako uwe kama mlango mfupi, kisha pitisha kipande chini yake kutoka upande wa pili. Simba atalazimika kutambaa ili akifikie, na akitambaa viwiko vinagusa chini vyenyewe. Goti liwe chini kiasi kwamba hawezi kupita amesimama. Na kuna njia isiyohitaji kazi yoyote: watoto wa mbwa hulala chini mara nyingi sana kwa siku, basi weka vipande karibu, na kila ukimwona anajilaza mwenyewe sema "Ndiyo!" umpe.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, Zuhura, kwa hiyo nisome vizuri. Chakula kitoke mkononi mapema. Akishafuata kipande na kulala mara 5 au 6 mfululizo, fanya mwendo ule ule na mkono mtupu, vidole vimefumbwa vile vile. Akilala, "Ndiyo!", na kipande kitoke mkono wa pili au bakuli lililo nyuma yako. Ukichelewa kuondoa chakula, atazoea kuangalia kwanza kama kipo ndipo aamue kulala. Akishauzoea mkono mtupu, fupisha ishara siku hadi siku: kwanza mkono ufike sakafuni, kisha uishie usawa wa goti, kisha iwe kiganja kinachoelekea chini ukiwa umesimama wima. Jua kwamba wewe kusimama tu ni jambo jipya kwake. Akionekana kupotea, inama tena mara mbili tatu.

Umeona kwamba mpaka sasa sijakuambia umtamkie neno lenyewe. Neno linaingia mwisho, pale anapofuata ishara ya mkono mara 8 kati ya 10. Sema "lala" mara moja, hesabu sekunde 1, ndipo utoe ishara. Ukivitoa pamoja atasoma mkono na neno litampita, kwa sababu mbwa hutegemea mwili wetu kuliko sauti. Neno likitangulia, atagundua kwamba linatabiri ishara, na siku moja utamwona anashuka kabla mkono haujasogea. Hapo amelielewa. Usiseme "lala, lala, lala!" Ukirudia mara tatu, atajifunza kusubiri ya tatu.

Kiswahili kina mitego yake hapa. "Kaa" ni kuketi na pia ni kubaki, kwa hiyo kumtuliza mahali tumia "ngoja". Akipanda kwenye kochi usimwambie "lala" ukitaka aondoke, mwambie "shuka". Na neno la kumruhusu ainuke lisiwe "haya" wala "sawa", maana tunayasema kutwa nzima na ataondoka ukiwa unaongea na jirani. "Huru" linafaa. Waliomo nyumbani wote wakubaliane, kwa sababu mmoja akisema "lala" na mwingine "jilaze", kwa Simba hayo ni mambo mawili.

Kubaki amelala ni somo jingine. Anza na sekunde 1 kabla ya kumlipa, kisha 2, kisha 4, lakini usipande kama ngazi. Changanya: 3, 5, 2, 7, 1. Ikiwa kila zamu ni ndefu kuliko iliyopita, atachoka na kuinuka. Ukianza kurudi nyuma hatua moja, punguza muda, na ukiongeza kelele, punguza vyote viwili. Usimwite kutoka kwenye kulala siku hizi za mwanzo. Rudi wewe alipo, umlipe pale pale, kisha useme "huru".

Ukianza na "kaa" kila mara, ataunganisha yote mawili na kukaa kwanza siku zote. Akishakuwa hodari, mfundishe kushuka kutoka kusimama: peleka kipande kati ya miguu ya mbele na kidogo kuelekea nyuma, ili ajikunje. Pia usitarajie alichojifunza sebuleni akijue uani. Kila mahali papya, mrudishie ishara kubwa ya mkono, hata kipande kwa mara chache. Chanjo zikiwa hazijakamilika, vyumba vya ndani vinatosha.

Akikosea mara tatu mfululizo, fanya zoezi rahisi analolimudu, umlipe, mpumzike. Lakini akiwa anajua kulala vizuri kisha ghafla akaanza kukataa, kushuka kwa shida au kulia, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya zoezi lingine lolote.

Niandikie baada ya wiki moja. Kama makalio bado yananyanyuka, nieleze hasa mkono wako ulikuwa wapi yalipoanza kupanda.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi