Risala ya Wakazi na Mafundi wa Nyumba za Kale, Katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wenye nyumba, wapangaji, mafundi na majirani,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Nawe tunakushukuru kwa kukubali kusimama nasi hapa juani, mbele ya ukuta wenyewe. Maombi yetu yote ya leo yanaanzia kwenye kitendo hicho.

Mheshimiwa, ukuta huu ni wa matumbawe na chokaa. Lipu yake ya nje ilipoanza kumomonyoka upande wa chini, mwenye nyumba aliomba kibali cha kuukarabati. Faili likaenda, likarudi, likadaiwa michoro, likaenda tena. Mvua za masika zikamkuta bado anasubiri. Maji yalipoingia chumbani kwa mama yake mzazi, alimwita fundi wa jirani wakapiga lipu ya saruji. Hatumlaumu. Nani angemwacha mama yake alale majini?

Lakini matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake, na chokaa huuruhusu unyevu huo utoke nje taratibu. Saruji iliuziba. Baada ya masika mawili lipu ilibanduka vipande vipande, ikatoka na matumbawe yake, na ncha za boriti zilizoshika dari zilikuwa laini kiasi cha kuchokonoleka kwa kidole.

Ndipo kikundi chetu kilipoingia. Wazee wawili waliojifunza kazi hii utotoni waliwafundisha vijana wetu kubandua saruji bila kuumiza jiwe, kulowesha chokaa na kuiacha itulie, kuchekecha mchanga, kupiga tabaka nyembamba na kuzifunika kwa magunia mabichi zisikauke haraka. Kazi hii haitaki pupa. Wapo vijana walioikimbia wiki ya kwanza. Waliobaki ndio hawa waliosimama nyuma yako, na tunajivunia kila mmoja wao.

Kuhusu madirisha tulibishana sana. Mwenye nyumba alitaka alumini kwa sababu ya vumbi na wezi, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Tulikubaliana mbao zibaki nje kama zilivyokuwa, nondo zikae ndani. Kiyoyozi kimehamia uani, na bango la duka limeshushwa chini ya roshani ili nakshi zake zionekane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Tunaomba wenye nyumba waelezwe hivyo kabla mnunuzi wa milango hiyo hajabisha hodi. Kwa majengo, sheria hiyo inalinda moja kwa moja yale ya kabla ya mwaka 1863. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka hiyo hiyo ya 1860, kwa hiyo karibu kila nyumba ya kale unayoiona hapa haina kinga hadi itangazwe rasmi. Hata Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine, lenye kuta za matumbawe kama huu, ni la miaka hiyo ya 1860.

Tunaomba basi kila ombi la kukarabati nje ya nyumba ya kale likaguliwe ukutani, afisa akiwa na mwenye nyumba na fundi, kabla ya uamuzi. Anayerudishia chokaa kwa chokaa na mbao kwa mbao apate jibu mapema, masika hayajaanza. Na kwa kuwa saruji iko kila duka la vifaa lakini chokaa nzuri ya ujenzi ni ya kutafuta, tunaomba eneo dogo la kuchimba shimo la kuloweshea chokaa ya kutosha mtaa mzima.

Karibu na mlango tumeacha kipande kimoja bila lipu, upana wa mikono miwili. Tunakuomba ukiguse kwa mkono wako, kisha uguse na pale tulipomaliza.

Naomba kuwasilisha.