Malalamiko: nimelipia logo nimepewa picha, naomba faili la vekta

Habari zenu ndugu zangu wa ofisi ya dizaini,

Mimi ni yule mama ntilie wa Mwananyamala mlonichorea logo ya birika la kijani mwezi uliopita, nililipa laki na nusu yote kwa mkupuo na risiti ninayo. Naandika kwa sababu nimepata hasara, na nikipiga simu kila siku naambiwa mhusika katoka.

Mchoro wenyewe ni mzuri na nliupenda toka siku ya kwanza, hapo sina neno. Tatizo ni faili. Mlinitumia picha moja tu ya JPG kwa WhatsApp, pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 500 kwa 500, basi. Nikaipeleka Kariakoo nitengeneze bango la mita 3 kwa mita 1, fundi akaifungua kwenye CorelDRAW, programu yake ya kuchorea, akaivuta karibu akanambia mama hii itatoka vibaya, nikawapigia palepale nikiwa dukani kwake, mkanijibu faili liko sawa, lina sentimita 17, mwambie aikuze tu. Nikawaamini nyie, mafundi wangu, nikalipa.

Sasa jamani hizo sentimita 17 zimetoka wapi? Fundi alikuja kunielewesha baadae. Faili limewekwa pikseli 72 kwa inchi, 500 ukigawa kwa 72 unapata karibu inchi 7, ndo hizo sentimita zenu. Lakini hiyo ni namba imeandikwa tu ndani ya faili, picha haijaongezeka kitu, maana kwenye stika ya kushika mkononi wanataka 300 kwa inchi na hapo picha ileile inabaki sentimita 4 na kidogo. Kwenye bango langu birika limetandazwa mita nzima. Nimelilaza sakafuni nikachukua rula ya shule ya mwanangu nikapima, ule mvuke unaotoka kwenye mdomo wa birika mlouchora umepinda vizuri umekuwa ngazi ngazi, kila ngazi milimita 2. Nimeumia sana, maana ule mvuke ndo nliokuwa naupenda.

Tisheti nazo za kijani cha giza, sita za wafanyakazi, zimetoka na kiboksi cheupe nyuma ya birika kwa sababu JPG haiwezi kuwa na mandhari ya uwazi. Mngenipa na PNG, faili la picha linaloweza kukaa bila mandhari, isingetokea.

Nilivyolalamika mkaniletea PDF, nikafurahi, kumbe mmebandika JPG ileile ndani ya PDF, fundi kaivuta karibu na zile ngazi ziko palepale. Halafu mkanambia faili halisi la kuprintia ni elfu 80 nyingine. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Logo si picha ya harusi, ni kitu cha kuwekwa kwenye kikombe leo na kwenye ukuta kesho, lazima ichorwe kwa vekta ambayo ukiikuza mistari inabaki safi, na hamkuniuliza hata mara moja mama utaitumia wapi, kwa ukubwa gani. Mngeuliza tu ningewaambia bango, tisheti, stika za sentimita 5 za vifungashio.

Kwa hiyo naomba bila kulipa tena: faili la vekta lenyewe, SVG na PDF, mistari ya kweli, PNG isiyo na mandhari, pikseli 2000 au zaidi, na namba za CMYK, yaani za wino wa kuprintia, za ile kijani, maana kwenye simu inawaka na kwenye bango imefifia. Mtume kwa imeili, au WhatsApp kama dokumenti, sio kama picha, ikitumwa kama picha inabanwa tena. Na gharama ya bango mnirudishie, kwa sababu ni nyie mlosema aikuze tu.

Kibanda cha pili nafungua Jumamosi ya wiki ijayo na fundi anasubiri faili. Nikifika ofisini Jumatatu saa 3 asubuhi naomba nimkute aliyechora.

Mteja wenu,
Mama wa birika la kijani, Mwananyamala