Tuko Jumuiya moja, mbona Horohoro nadaiwa ushuru?

Swali hili hufika dirishani petu hapa Tanga, tunapoandaa karatasi za forodha, likiwa limechelewa, lori likiwa limeshalala Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Acha tulijibu leo, kabla hujapakia.

Ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sifuri kwa bidhaa iliyothibitishwa kuwa ni ya Jumuiya. Kutoka Tanga peke yake si uthibitisho. Mchele wa Pakistani uliotiwa kwenye viroba vipya Chumbageni, ukaandikwa "Mchele Safi wa Tanga", bado ni wa Pakistani. Kanuni za uasilia za Jumuiya za mwaka 2015, yaani zinazoamua bidhaa ni ya wapi, hazikubali kwamba kufungasha upya, kupanga madaraja, kubandika lebo au kuchanganya tu kunaibadilisha bidhaa uraia. Mdalasini wa Amani ukiuchanganya na wa Madagaska, umejiharibia gunia zima. Mzigo usiothibitishwa hutozwa kama mgeni, kwa viwango vya pamoja vya ushuru vya Jumuiya, ambavyo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 0, 10, 25 au 35; zipo chache, kama mchele, zenye kiwango chake pekee. Hicho cha 35 kilianza Julai 2022, na ndicho kinachowaumiza wengi, maana kinagusa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa.

Kwa mwenye kiwanda, hesabu ni nyingine. Bidhaa nyingi hupimwa hivi: malighafi iliyotoka nje ya Jumuiya isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Zipo zenye sharti lake pekee, kwa hiyo tafuta kwanza msimbo wa HS wa bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa inayoitambulisha forodhani, ndipo usome sharti. Tuseme katoni ya sabuni unaiuza kiwandani Sh 20,000, na mawese ya Malaysia pamoja na kostiki soda vimekula Sh 13,000. Hiyo ni asilimia 65, umepita. Mawese yakapanda, malighafi ya nje ikafika Sh 14,400, nawe bei ya katoni hukuigusa: asilimia 72, umeanguka. Sabuni ni ile ile, harufu ile ile, ila imepoteza uasilia. Wenye viwanda vidogo hukwama hapo kwa sababu hesabu ya Januari wanaipeleka mpakani Oktoba. Weka risiti za kila shehena ya malighafi. Afisa akitaka uthibitisho, maneno hayamsaidii.

Mzigo usiozidi dola 2,000 una njia fupi, yaani cheti cha uasilia kilichorahisishwa, ambacho forodha hukitoa pale pale mpakani. Usijaribu kuukata mzigo wa dola 6,000 vipande vitatu kwa majina ya shemeji na jirani. Fuso moja, dereva mmoja, machungwa ya aina moja: nani asiyeona? Na cheti, kiwe kirefu au kifupi, hakifuti VAT ya nchi unakokwenda, wala hakishiki nafasi ya cheti cha afya ya mimea. Vilevile hakihami kutoka jumuiya moja hadi nyingine. Cheti cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, cha mzigo wa Malawi hakina kazi Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka.

Ushuru basi, tuuache. Kwenye redio na vijiweni mikataba ya biashara hujadiliwa kwa ushuru, lakini mizigo tunayoiona ikirudi hurudi kwa viwango vya ubora.

Mahindi ndiyo mfano ulio wazi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) isiyozidi maikrogramu 10 kwa kilo, huku ile aina ya B1 isizidi 5. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, pawe na cheti cha kipimo kisichozidi 10, na cheti cha uasilia. Wengi waliliona kama ugomvi wa kisiasa. Huenda siasa ilikuwamo, lakini namba ile ilikuwa ni yetu sote, tuliikubali pamoja.

Kinachokwamisha ni namna ya kuchukua sampuli. Sumukuvu haikai sawasawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Ukichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia moja la mlangoni, majibu ya maabara ni ya gunia hilo, si ya lori. Choma magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini kabisa ya lundo, mimina pamoja, changanya vizuri, gawa nusu kwa nusu mpaka ubaki na kiasi cha maabara. Pima unyevu kabla, maana mahindi ya asilimia 16 yaliyofunikwa turubai siku tatu hayafiki yakiwa yale uliyoyapima.

Kwa wanaotazama Ulaya: Novemba 2016 Bunge letu liliukataa mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya, kwa hofu kwamba viwanda vyetu vichanga vingezidiwa. Kenya ilijiendea peke yake, na mkataba wake ukaanza kazi Julai 1, 2024. Hofu ile hatuidharau. Ila pilipili manga ya Muheza haikungoja mkataba huo: Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, huingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha na risasi bila ushuru. Inayoizuia ni sumukuvu, ambayo huko nako haitakiwi kuzidi 10, na bakteria wa salmonela inaowaokota ikianikwa chini, kuku wakipita. Jamvi lililoinuliwa kwenye kichanja linakufaa kuliko kifungu chochote cha mkataba.

Wapo wanaosema viwango vya pamoja vya ubora vimetungwa kwa ajili ya wakubwa. Wana hoja. Msagishaji wa Handeni mwenye tani 5 hulipia kipimo cha maabara kama mwenye tani 30. Lakini nchi mbili zikiwa na viwango viwili, angelipa mara mbili. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inatambuliwa na nchi wanachama, na mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho, ndipo aende TBS.

Sisi tunaandaa kadhia, yaani tamko la mzigo forodhani, na vyeti. Sumukuvu hatuwezi kuishusha. Tuletee ankara, orodha ya mzigo, risiti za malighafi na majibu ya maabara kabla makuli hawajapanda kwenye lori. Horohoro ni kituo cha pamoja, na gari linalotoka hukaguliwa upande wa Lungalunga, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa wamekaa jengo moja. Karatasi ikikosekana, inakosekana lori likiwa limeshavuka, kilomita 65 na zaidi kutoka Tanga mjini, na dereva ameanza kuhesabu posho ya kulala.