Barua ya wazi kwa mdogo wangu, aliyeuliza mtoto anajifunza nini shuleni

Mdogo wangu,

Siku ile ulinipigia simu karatasi ya matokeo ikiwa mkononi, na kabla hatujamaliza kusalimiana ukaanza kunisomea: hesabu 54, Kiswahili 71, sayansi 63, uchoraji 88. Hapo kwenye uchoraji ukaguna. Ukasema, "Dada, mtoto anatoka asubuhi anarudi jioni, nikimuuliza mmejifunza nini, jibu ni 'tumechora'. Hivi huko shuleni wanajifunza nini hasa?"

Nilikuahidi jibu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Swali hilo wazazi wameniuliza miaka yote niliyoshika chaki, na karibu wote huliuliza kwa sauti hiyohiyo ya mtu anayehisi kapunjwa.

Mwanao alikuja kwangu likizo na mkoba wake mzima. Nilipitia madaftari yote, ukurasa kwa ukurasa, mengine naye akiwa ameniegemea begani ananieleza. Nakuambia nilichokiona humo, maana kwenye karatasi ya matokeo hakimo.

Nianze na hesabu, ndiyo iliyokunyima usingizi. Kuna zoezi waliambiwa waandike kwa tarakimu "mia tatu na tano". Kaandika 3005. Kalamu nyekundu ikapita. Najua wewe ungesema uzembe. Lakini mtoto kaandika alichosikia: mia tatu, 300, kisha tano, 5, akaziweka pamoja. Alichokuwa bado hajakishika ni kwamba ile 3 inakuwa mia tatu kwa ajili ya mahali ilipokaa tu, na kwamba sifuri ya katikati haipo kwa urembo, inashikilia kiti cha makumi ambacho hakina mwenyewe. Sisi wakubwa tunaliona jambo dogo, ilhali watu walihesabu kwa maelfu ya miaka bila kulijua. Warumi walijenga barabara na madaraja yanayosimama hadi leo na tarakimu zao hazikuwa na sifuri. Brahmagupta, mtaalamu wa hesabu wa India, aliandika kanuni za kuijumlisha na kuitoa sifuri mwaka 628, na neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, ambao kwao lilikuwa na maana ya kitu kitupu. Mwanao ana miaka minane, nawe unataka awe amelimaliza ndani ya muhula mmoja.

Ukurasa wa kutoa ndio ulionikalisha zaidi. 52 − 38, kajibu 26. 71 − 46, kajibu 35. 83 − 57, kajibu 34. Zote kosa. Ziangalie tena taratibu. Kila mahali kachukua tarakimu kubwa akaitoa ile ndogo, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini: kwenye mamoja ya swali la kwanza, 8 toa 2 ni 6, kwenye makumi, 5 toa 3 ni 2. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kuliko tunavyofuata sisi zetu. Zile hesabu zisizohitaji kukopa kapata zote. Kwa hiyo mtoto mwenye makosa kumi na mbili katika ukurasa ule kakosa kitu kimoja, mara kumi na mbili.

Nikamletea njiti za kiberiti. Tukafunga mafungu matano ya kumi kumi, tukaacha mbili pembeni: 52. Nikamwambia anipe 38. Akatoa mafungu matatu bila shida, akatazama zile njiti mbili, akanitazama mimi. Nikanyamaza (kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ualimu, na mimi nimechelewa sana kujifunza). Baada ya muda akafungua fungu moja, njiti zikamwagika mezani, akasema, "Kumbe zilikuwa humu." Hapo ndipo neno "kukopa" lilipopata maana kwake. Mwezi mzima alikuwa analitamka tu.

Sasa kuna swali moja la hesabu ambalo mimi nasema halikuwa la hesabu. Liliandikwa hivi: "Amina ana penseli 12. Amemzidi Juma penseli 5. Juma ana penseli ngapi?" Kajibu 17. Kaona neno "zidi", kajumlisha. Nilipomsomea kwa sauti na kumuuliza ni nani mwenye penseli nyingi, akajibu palepale, "Amina." Nikauliza, basi Juma zake zinaweza kufika 17? Akacheka, akafuta mwenyewe. Kujumlisha anakujua. Kilichomponza ni ile "m" ndogo katikati ya "amemzidi", inayosema nani kamzidi nani. Hilo ni somo la Kiswahili limevaa koti la hesabu. Kwa hiyo katika hiyo 54 yako kuna alama ambazo hatazipata kwa kukariri jedwali la kuzidisha usiku kucha. Atazipata kwa kusoma hadithi, na kwa kusomewa.

Na saa je? Mtoto anaambiwa mshale mfupi uko kwenye 7, kisha anaambiwa aseme "saa moja". Hebu jiweke mahali pake. Ili akubali hilo lazima ajue kwamba Kiswahili kinahesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, na huyo aliyepanga namba kwenye uso wa saa alikuwa na hesabu nyingine. Akishalimeza hilo, anageuziwa mshale mrefu: kwenye 3 unasema "na robo", ingawa hapo imeandikwa 3, si robo. Ni robo ya dakika 60, na hizo sitini zilitoka kwa watu wa Babeli waliohesabu kwa sitini sitini. Lugha, jua, sehemu na historia, zote ndani ya kitu kinachoning'inia ukutani.

Tuje sasa kwenye hilo "tumechora" linalokukera. Mtoto hajakudanganya. Walichora kweli. Ila hukuuliza walichora nini.

Mchoro wa kwanza nilioukuta ni wa darasa lao. Meza kaichora miguu minne imetawanyika pande zote, kama chura aliyelaliwa. Nilicheka peke yangu, maana kila darasa nililofundisha meza zilianza hivyohivyo: mtoto anajua meza ina miguu minne, kwa hiyo anaichora yote minne. Ukurasa unaofuata, meza ileile imekuwa pembenne tu. Miguu haipo. Kati ya kurasa hizo mbili mtoto kajifunza kujitoa pale alipokaa na kulitazama darasa kama anavyolitazama ndege apitaye juu. Hiyo ndiyo ramani. Chini kaandika kwamba sentimita 1 inasimama badala ya mita 1. Yaani kila kitu kimepunguzwa mara 100, na mlango wa upana wa sentimita 1 kwenye karatasi ni ule anaopita kila siku na mkoba mgongoni. Jiografia iko hapo, na hesabu za sehemu pia ziko hapo. Kwenye ratiba, kipindi hicho kinaitwa kuchora.

Mchoro wa pili uko kwenye daftari la sayansi, ni mbegu ya haragwe. Waliiweka kwenye chupa ya kioo, kati ya ukuta wa chupa na pamba iliyoloa, wakaichora kila siku kwa siku tisa. Siku ya kwanza: mbegu. Siku ya pili: mbegu, nono kidogo. Siku ya tatu hakuchora, kaandika "mbegu imegoma". Mwalimu hakufuta wala hakuandika neno. Simjui mwalimu huyo, lakini nampenda. Siku ya nne ganda limepasuka na kitu cheupe kimetokeza. Siku ya sita wameilaza chupa kwa ubavu, na siku ya saba mzizi umepinda ukielekea chini. Pembeni ameandika kwa herufi kubwa: UMEJUAJE?

Swali hilo hakuulizwa na mtu.

Pembeni ya michoro kuna jedwali la urefu. Siku ya nne sm 2, siku ya tano sm 3. Kisha zimekatwa zote kwa mstari mmoja, juu yake kaandika 1 na 2. Nikamuuliza kulikoni. Akasema alikuwa anapima kuanzia kwenye 1 ya rula, ndipo rafiki yake akamwonyesha kwamba kuna alama ndogo kabla yake. Umeiona ilivyorudi? Sifuri ileile iliyomshinda kwenye 305, safari hii ameikamata mwenyewe kwenye rula, katika kipindi cha sayansi, baada ya kuambiwa na mtoto mwenzake. Kwenye karatasi ya matokeo jambo hilo halina pa kuandikwa.

Nikamtega kidogo. Nikamuuliza, mche huu ukiwa mti mkubwa, mwili wake wote ule utatoka wapi? Akajibu kama watu wazima wengi wanavyojibu: kwenye udongo. Nikamsimulia habari za Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa zamani wa Ulaya, aliyepanda mti kwenye chombo chenye takriban kilo 90 za udongo aliokuwa ameukausha na kuupima. Alimwagilia kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70. Akaukausha udongo, akaupima tena, ukawa umepungua chini ya gramu 100. Yeye akaamini kwamba mti umetokana na maji peke yake. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alikuwa amepatia nusu. Sehemu kubwa ya mti hutoka hewani, kwenye hewaukaa ambayo majani huifyonza na kuiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga. Kazi ya mwanga yenyewe ilikuja kuonyeshwa na mwanasayansi mwingine, Jan Ingenhousz, mwaka 1779. Mwanao akaangalia mguu wa meza muda mrefu, kisha akaugonga kwa kidole. "Hii ni hewa?" Nikamwambia, kwa sehemu kubwa, ndiyo.

Kwa kuwa tuko mezani, kuna neno jingine nililomwonyesha. "Meza" tulilipata kwa Wareno, "shule" kwa Wajerumani, "daftari" na "kalamu" kwa Waarabu. Mtoto aliyekaa shuleni, daftari mezani na kalamu mkononi, kakalia historia yote hiyo. Somo la historia huwa linawachosha watoto kwa tarehe, na tarehe zina kazi yake, lakini mimi ningeanzia hapo.

Usinione najisifu. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilitoa swali: "Usiku tunapata mwanga kutoka wapi?" Nilitaka "mwezini". Mtoto mmoja akaandika "kwenye taa". Nikamkosesha, nikaona kaleta mzaha. Wiki tatu baadaye nilikuwa ubaoni nafundisha, kwa mbwembwe, kwamba mwezi hauna mwanga wake, unatuakisia wa jua. Mkono ukanyooka kule nyuma. "Mwalimu, sasa lile la taa?" Darasa zima likanigeukia. Nikaomba daftari lake nikamrudishia alama, lakini zile wiki tatu alizokaa akijua yuko sahihi na mwalimu kasema hapana, hizo sikuwa na namna ya kumrudishia.

Kuhusu michezo na kuimba sitakuandikia mengi, wewe mwenyewe ulikuwa golikipa. Nakukumbusha tu kwamba mtoto anayepiga makofi ya wimbo, moja zima kisha mawili ya haraka, tayari anaigawa nusu kwa viganja kabla hajaiona ubaoni. Na kuhusu maadili, yale waliyoyaandika daftarini ni maneno mazuri, lakini mimi nilitazama zaidi ukurasa ule wa rula, wa rafiki aliyemwonyesha kosa bila kumcheka.

Kwa hiyo akirudi jioni, acha kumuuliza wamejifunza nini. Hakuna mtu anayeweza kulijibu swali hilo, hata mimi ningesema "tumechora". Fungua daftari, weka kidole kwenye kosa moja, umuulize, "Hapa ulikuwa unawaza nini?" Halafu ukae kimya. Kimya chako najua ni kifupi, jitahidi.

Ule mche tuliuhamishia kwenye kopo la udongo siku ya mwisho ya likizo, na kopo kaliacha dirishani kwangu. Alinipa masharti: kila asubuhi niangalie umeinamia wapi, nigeuze kopo, niandike tarehe. Leo umelalia kioo tena kama mtu anayechungulia nje. Nimegeuza, nimeandika. Mwambie hivyo, na mwambie umefika sm 19, nimepima kuanzia kwenye sifuri.

Dada yako