Risala ya Wananchi kwa Mgeni Rasmi, Uzinduzi wa Ofisi ya Serikali ya Kijiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa jimbo letu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wako, Ndugu Watendaji, viongozi wa dini, wazee wetu na wananchi wote: itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wananchi wa kijiji hiki tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia ofisi. Tunajua ratiba za Bunge zinavyobana, na barabara ya kutoka lami hadi hapa umeiona mwenyewe. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kijiji chetu kilisajiliwa chini ya sheria ya vijiji ya mwaka 1975, wakati halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa tangu 1972 na kila jambo likiamuliwa juu. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri, na Ibara ya 146 ya Katiba inatamka kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Toka hapo tumepiga hatua kubwa sana. Mkutano mkuu unafanyika kila robo mwaka na watu wanajaa. Migogoro ya mipaka ya mashamba karibu yote tunaimaliza wenyewe. Madarasa mawili ya shule ya msingi yamepigwa lipu. Na leo tuna jengo hili la kisasa la vyumba viwili, ambalo vijiji vingi vinalitamani. Matofali tulifyatua wenyewe, akina mama walisomba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, na fundi tulimlipa kwa mpunga, debe kwa debe. Fedha ya Serikali humu ndani haimo hata senti.

Hapo ndipo ilipo changamoto yetu, nayo ni moja tu, kwa hiyo tunaomba utuvumilie.

Mheshimiwa, mpunga ukitoka hapa unapita kwenye kizuizi cha ushuru. Kijana anabonyeza mashine ya posi, risiti inatoka, gari linaondoka. Fedha hiyo inakwenda halmashauri, na sisi tuliolima hatuioni tena. Mtendaji wetu anaandika mihtasari kwenye karatasi za michango ya wajumbe. Daraja la miti kwenye mfereji likivunjika, mwenyekiti anapita nyumba kwa nyumba kuomba misumari.

Kodi zenye kero zilipofutwa mwaka 2003, ikiwemo kodi ya maendeleo, tuliambiwa Serikali Kuu itazifidia halmashauri kwa ruzuku, na asilimia 20 ya ruzuku hiyo ishushwe vijijini. Tulipiga makofi. Hata hivyo maelekezo hayo yalikuja kwa miongozo, na mwongozo ukipuuzwa hakuna mahali pa kwenda kushtaki. Hapa kijijini fedha hiyo ilikuja kwa kusuasua, kisha ikakatika, na kila tulipouliza tulijibiwa kwamba hali ya mapato hairuhusu.

Hatuilaumu halmashauri peke yake, maana nayo imepunguziwa. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa hilo la ushuru mkulima alipata nafuu na tunaishukuru Serikali. Lakini kila sheria inayopitishwa Dodoma kugusa mapato ya halmashauri, anayebanwa mwisho ni kijiji, na kijiji hakikuulizwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dawa mnayo ninyi, na mmeshaitumia. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo ilikuwa ya maelekezo kwa miaka mingi; halmashauri iliyotaka ilitoa, isiyotaka haikutoa. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na utoaji ukawa lazima. Hata mikopo iliposimamishwa mwaka 2023, sheria ilikuwa bado ipo, vikundi vikawa na cha kudai, na mwaka 2024 ikarejea. Kijiji hakina kifungu cha namna hiyo cha kushika.

Ombi letu ni kwamba upeleke bungeni hoja ya kuirekebisha sheria hiyo, ili sehemu maalumu ya mapato ya ndani ya halmashauri irudi kijijini, kwa kiwango kilichoandikwa na tarehe iliyoandikwa. Kiwango tunawaachia ninyi. Kisichopungua ni neno "lazima".

Mheshimiwa, tunasema kwa heshima zote: ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilisikia chini ya mwembe ule pale, wakaandika kwenye vitabu vyao na kuahidi kulifikisha. Mmoja alisema tungepata majibu kabla ya mavuno. Mavuno yamepita mengi, na wazee wawili waliosoma risala zile tumeshawazika. Wananchi hawa wamefyatua matofali kwa ahadi hizo, na sasa wanauliza nani atanunua hata rejista ya kuweka kwenye kabati.

Kwa hiyo leo hatuombi ahadi nyingine. Tunaomba, utakaposimama kuzungumza, ututajie mkutano wa Bunge utakaolisemea jambo hili. Nakala ya risala ni mbili: moja ni yako, na nyingine tunaomba uisaini, Mtendaji aihifadhi kwenye faili.

Naomba kuwasilisha.